Daftari la Kumi na Tisa

Katika kabati la vioo la nyumbani kwetu Frere Town, pale ambapo majirani hupanga vikombe vya harusi, baba alipanga madaftari kumi na tisa yaliyofunikwa kwa karatasi ya kaki. Vikombe vya mama viliishia uvunguni mwa kitanda. Ndani ya madaftari hayo mna riwaya nzima ya mwandishi wa Kiingereza wa enzi za yule malkia wao wa magauni mapana, ambayo baba aliitafsiri kwa mkono alipokuwa karani kijana bandarini. Mwandishi mwenyewe simtaji. Wapenzi wake ni wakali.

Aliitafsiri kwa ajili ya mama, ambaye Kiingereza hakijui. Kila Jumapili baada ya ibada alimpelekea daftari moja kwao Rabai, na hivyo ndivyo posa yake ilivyotembea. Tafsiri yenyewe, Mungu amsamehe. Waingereza wa baba wanaamkiana shikamoo na kunywa chai ya tangawizi, na theluji ikianguka wanakimbilia kuanua nguo kambani. Katika daftari la mwisho msichana anaolewa na mwalimu wake, wanahamia nyumba ya mabati yenye mnazi mbele na kisima nyuma. Mama alipolimaliza hilo, akakubali kuolewa. Ameyasimulia haya katika kila harusi ya ukoo wetu, na kile kisima hakosi kukitaja.

Mimi nilikuja kuisoma riwaya hiyo kwa Kiingereza nikiwa chuo kikuu. Kurasa mbili kabla ya mwisho, msichana anakufa kwa homa. Nilimkasirikia baba, tena sana. Siri niliitunza, lakini kila mara mama alipofika kwenye kisima nilimkazia baba macho, naye hapo hapo huanza kutafuta miwani yake.

Mwaka jana maktaba moja karibu na Kongowea iliandaa maonyesho ya mwandishi huyo. Jumba la makumbusho la huko Uingereza lilikuwa limetuma picha kubwa za mswada wake, na zote zikabandikwa ukutani. Mkutubi aliposikia habari za madaftari ya baba, aliyaomba yapangwe mezani chini ya picha hizo. Baba alikubali kabla hajamaliza kuulizwa.

Tulikwenda watatu, mama na kitenge kipya, baba na koti la kanisani. Picha za kwanza baba alizitazama akicheka, maana mswada umejaa mistari iliyokatwakatwa.

"Bwana huyu ofisini kwetu asingemaliza wiki," alisema.

Kisha akafika kwenye ukurasa wa mwisho. Chini yake mkutubi alikuwa ameandika maelezo mafupi kwa Kiingereza: kifo cha msichana. Baba akanishika mkono.

"Mwanangu, mamako asijue," alininong'oneza. "Kitabu nilikisoma chote. Sasa mimi nataka mtoto wa watu anikubali, nimpelekee maiti?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nikiingoja siku ya kumkamata. Ilipofika, nilimhurumia mpaka machozi yakanilenga. Na mama alikuwa ameshatufikia, ameegemea mkongojo wake, anautazama ukuta.

"Huu ndio mwisho wenyewe?" aliniuliza.

"Ndio, mama."

"Hebu nisomee."

Nikaweka kidole juu ya kifo cha yule msichana, nikamsomea harusi. Nikamsomea mwalimu, na nyumba ya mabati, na mnazi mbele. Hapo nikamtupia baba jicho. Baba alikuwa akipapasa mifuko ya koti akitafuta miwani, nayo ilikuwa usoni pake.

Mama akamtazama kidogo, kisha akanigeukia.

"Na kisima?"

"Na kisima, mama," nikasema. "Kiko nyuma."