Kanda Isiyo na Mwimbaji

Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo msinitafutie maneno ya kitabuni. Nataka kuandika habari ya kanda moja ya muziki na rafiki yangu mmoja, na watu waliomnyima kanda hiyo wakati hakuwa na kingine anachokitaka duniani. Majina siandiki. Walio hai wakisoma watajijua.

Tulikuwa mafundi samani Keko, kando ya barabara, miaka ile ya ruksa, mitumba ndiyo imeanza kumwagwa kila kona. Mie nilikuwa wa randa na msumeno, yeye wa msasa na vanishi. Kitanda nikimaliza mie, anaanza yeye. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mpole mpaka wateja walikuwa wanamwonea. Siku moja alinunua koti la baridi la mtumba, zito kama godoro. Hakulinunua avae, nani avae vile Dar? Alitaka kulikatakata vitambaa vya kupakia vanishi. Kwenye mfuko wa ndani akakuta kanda. Haina jalada, imeandikwa kwa kalamu maneno mawili ya lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua.

Akaitia kwenye redio ya karakana. Gitaa moja likaanza polepole, kama mtu anajaribu nyaya. Likaingia la pili. Tukasubiri. Fundi mkuu wetu, mzee wa Kizaramo, mpenzi wa dansi kufa, akaweka nyundo chini.

"Mwimbaji yuko wapi?"

"Anakuja, mzee," nikamwambia.

"Anatokea wapi huyo, Kigoma kwa treni?"

Dakika zikapita. Mara ngoma zikaingia kwa kishindo, kama lori linamwaga kokoto, magitaa yote yakapiga kelele pamoja, halafu kimya. Wimbo umekwisha. Hakuna aliyeimba.

"Mzee, hakuna mwimbaji," rafiki yangu akasema. Alikuwa anatabasamu peke yake. "Gitaa ndiyo linaimba."

"Linasema nini?"

"Linasema unavyotaka wewe."

"Basi lijifunze kusema chai tayari."

Tukacheka. Lakini kabla hatujamaliza kucheka, mpita njia akashuka kwenye baiskeli, akavua kofia. "Jamani, nani kafa?"

Hakuwa mjinga. Redio ilikuwa moja nchi nzima, na muziki wa taratibu usio na maneno tuliusikia kabla ya matangazo ya vifo. Akifa mkubwa, unapigwa kutwa. Mtu wa Dar akisikia gitaa au kinanda kinalia bila mtu kuimba, anakaa kimya asubiri jina la marehemu. Ndivyo tulivyolelewa.

Sie wawili tukaizoea. Tukawa tunaisikiliza kila mchana, wakati wa kula. Ukiwa mgao wa umeme tunatia betri, na betri tunazianika juani juu ya mbao zipate nguvu kidogo. Kichwa cha redio alikuwa anakisafisha yeye kwa spiriti ya kuyeyushia vanishi. Na tulikuwa tunabishana, acheni. Mie nilikuwa mtu wa upande wa kwanza, ule wenye ngoma. Yeye alikuwa wa upande wa pili, ambako ngoma haziingii kabisa, gitaa linazunguka palepale mpaka kanda inakwisha.

"Huo wako unaahidi halafu hautoi," nikawa namwambia.

"Wewe unataka kila kitu kiishe kwa ngumi."

"Sasa muziki bila ngoma si kama chumba bila mlango?"

"Kina dirisha. Kaa utulie uone."

Mjumbe wa nyumba kumi naye alikuwa anakuja na kahawa yake, anakaa kwenye benchi letu. Huyu mkumbukeni. Alikuwa anasema, "Rudisheni ule wa lori la kokoto," na tunarudisha, anatikisa kichwa macho kafumba.

Tukawa tunapeleka kanda Kinondoni kwa jamaa mmoja mwenye kibanda cha kurekodi. Yeye alikuwa amesikia mengi, meli zinaleta na mabaharia wanauza. Alituchagulia nyingine mbili tatu za namna ile. Alikuwa na sharti lake: "Msiniambie mbaya mpaka mfike mwisho. Hizi hazihukumiwi mlangoni." Tuliwahi kusimama pale kibandani tukibishana na watu tusiowajua, mmoja anasema huu ni muziki wa sinema ambayo sinema yenyewe imepotea, mwingine anasema wapigaji walimkimbia mwimbaji kwa deni. Ndizo siku nzuri nilizopata, na sikuzijua wakati ule.

Halafu akaanza kukonda.

Mnajua ilikuwa miaka gani, siwaelezi. Alianza kukosa Jumatatu, akaanza kukosa wiki. Alikuwa anakaa kwa kaka yake, karani wa ofisi, mtu wa tai na kanisa, nyumba iliyopakana na karakana yetu. Kaka akatangaza ni malaria sugu. Akamhamishia chumba cha uani, kilichogusana ukuta na karakana, akasema wageni wasiingie, mgonjwa apumzike. Mie niliingia kwa sababu shemeji, mke wa huyo kaka, ndiye alikuwa anamuuguza, na alinifungulia.

Nikamkuta kabaki macho. Nikaanza kumwambia yale tunayowaambia wagonjwa, utapona, wangapi wamepona. Akainua mkono.

"Braza, na wewe usiniletee maneno. Kila anayeingia humu ana maneno. Mchungaji ana maneno, kaka ana maneno, ananiuliza nilikuwa na nani na nani. Niletee ile isiyo na mtu."

Nikamletea, redio na kanda na betri. Nikawa naenda kila mchana saa saba, kaka yuko ofisini. Nikiweka upande wa pili anaacha kuugulia. Shemeji mwenyewe alisema, dawa ya hospitali haimpi usingizi kama ule. Mnaelewa basi alichokuwa anakitaka. Hakuomba kupona. Aliomba apate kusikiliza mpaka mwisho wake.

Siku moja aliniambia hasikii vizuri, masikio yamejaa. Nikaongeza sauti. Chumba kilikuwa na joto, nikafungua dirisha. Hapo ndipo nilipokosea, nalisema mwenyewe.

Gitaa likatoka nje, likaenda uani, likaenda barabarani. Nyumba ina mgonjwa aliyefichwa, na sasa unatoka muziki wa taratibu usio na mwimbaji. Jirani yetu muuza chapati akaacha kikaango. Nikasikia "Innalillahi!" na mlango wa uani ukasukumwa. Wakaingia kina mama kama sita, khanga kichwani, mmoja na mkeka kwapani, wanalia. Kilio cha kweli, si cha kuigiza. Yule wa mbele alifika mpaka kitandani akajitupa magotini, "Mwanangu, umekwenda bila hata kutuaga!"

Rafiki yangu akageuza macho. Akaniuliza taratibu, "Nani kafa?"

Yule mama alipoona midomo inasogea alipiga yowe jingine, hili la hofu, akarudi nyuma akakanyaga redio. Wengine wamesimama mlangoni wanamtazama. Walikuwa wanatazama mikono yake, vidonda, midomo. Shemeji akawa anawasukuma, "Tokeni, jamani, tokeni, yu hai huyu." Yeye pale kitandani alikuwa ameshaelewa. Machozi yalimtoka pembeni akawa hana nguvu ya kuyafuta.

Jioni kaka akaitisha kikao uani. Alisema nimemchuria ndugu yake, nimempigia matanga yungali hai, nimeleta uchuro nyumbani kwake. Akaitoa kanda, akaivuta utepe wote mpaka ukaisha, akautupa jalalani. Sasa mie nasema: hasira yake haikuwa ya uchuro. Mtu wa kanisa, uchuro ulimhusu nini? Hasira yake ni kwamba mtaa mzima uliingia ndani ukaona, na malaria yake ikafa siku ile. Alimwonea aibu mdogo wake kuliko alivyomwonea huruma.

Mjumbe akaombwa aamue. Nikamtazama, nikajua atasema ukweli, kwamba muziki ule ni wa starehe tu, yeye mwenyewe anaujua kwa kichwa. Akakohoa. "Ule ni muziki wa maiti. Huyu kijana asikanyage tena hapa."

"Mzee, si wewe unayesema turudishe wa kokoto?"

"Mimi? Kokoto gani? Usinivunjie heshima."

Kesho yake fundi mkuu naye akaniita pembeni. Alisema wateja wameanza kusema karakana ina mkosi, na nikionekana tena kwa jirani, nitafute pengine pa kurandia.

Nilikwenda Kinondoni. Jamaa wa kibanda aliposikia, akainama chini ya meza. "Samahani, ile yenu nilijirekodia nakala bila kuwaambia. Nilishindwa kuiacha iende." Akanirekodia nyingine palepale, pande zote mbili. Nikairudisha Keko nimeifunga kwenye kitambaa, nikaiweka kwenye sanduku la zana, chini ya patasi.

Siku ya tatu shemeji akaja karakana, akajifanya anatafuta vipande vya kuni.

"Shemeji, anaomba ile isiyo na maneno. Redio nimefunga na mpira, inalia. Nitaifunika kwa khanga, sauti ndogo, hata mimi mlangoni nisisikie. Huna nyingine?"

Fundi mkuu alikuwa anatutazama. Mjumbe yuko kwenye benchi na kahawa yake. Sanduku lilikuwa hatua mbili kutoka mguu wangu.

"Haipo, shemeji," nikasema. "Si ilichanwa yote?"

Akaokota vipande vyake vya mbao akaondoka.

Kaka alimnyima kwa aibu yake. Mjumbe alimnyima kwa woga wake. Mie nilimnyima nikiwa nayo. Nimewalaani wale wawili miaka yote hii, na sijaacha, lakini nikifika kwangu laana inakosa pa kutua.

Alikaa siku tisa. Kaka alimwekea redio mpya na kanda za mahubiri, zinasema kutwa. Siku ya kumi fundi mkuu akaletewa vipimo vya jeneza, kazi akampa mtu mwingine. Makaburini nilisimama nyuma, kwenye watu nisiowajua.

Baada ya arobaini nilikutana na shemeji sokoni Mabibo, ananunua ndizi. Nikamwamkia, nikamwomba radhi bila kusema ya nini. Aliweka kapu chini.

"Alikuwa anakuulizia kila siku. Nikamdanganya umesafiri, umekwenda kwenu."

"Akasemaje?"

"Akacheka kidogo. Akasema, amesafiri vipi na namsikia anaranda? Akaniambia nimgeuze, sikio liwe upande wa ukuta."