Dirisha la Bibi Yangu Wattaya

Jana nimepita Wattaya, mtaa wa nyuma ya maduka ya magari, nikawakuta tena. Mwanamke na mwanamume wamekumbatiana chini ya dirisha la nyumba ya bibi yangu, simu juu, wanajipiga picha. Mchana kweupe! Nikapiga honi mpaka wakaruka. Unaniona sina adabu? Basi nisikilize kwanza, ndugu yangu.

Nilikuwa mtoto wa kike wa miaka tisa Waingereza walipokuja kupiga filamu yao, ile ya mapenzi na vichekesho ambayo mpaka leo watu hawajachoka nayo. Waliipenda nyumba yetu. Ami yangu, meno nje, akawaruhusu bila ya kumuuliza mtu. Na bibi yumo edani! Babu hata mwezi hajatimiza kaburini. Miezi minne na siku kumi mjane haonwi na wanaume wa nje, ami akatujazia uani wanaume ishirini na mataa yao.

Bibi hakugomba. "Mgeni ni mgeni," alisema, akafunga pazia la chumba chake. Kisha akaingia kazini. Mimi nikakuna nazi mpaka vidole vikauma, yeye akasaga mchele uliorowekwa, akatia iliki, akapika mkate wa kumimina, makaa juu, makaa chini. Nyumba nzima ikanukia. Nikapeleka sinia uani pamoja na kahawa.

Nje mtu anapiga kelele za kunyamazisha watu, ndani bibi hatulii. "Wamekula? Au haukuwapendeza?" Kwetu sisi, mkate ukirudi mzima ni aibu ya mwenye nyumba. Mwisho akashindwa kustahamili, akafunua pazia kidogo alitizame sinia. Hawakuugusa hata kipande. Na wakati ule ule wapenzi wa filamu walikuwa wamekumbatiana chini ya dirisha, kamera imewaelekea.

Filamu yenyewe tuliiona baadaye kwa jamaa zetu Azaiba, sebule imejaa watu. Uso wa bibi ukatokea, kichwa wazi, na wote wakaangua kicheko: ati kikongwe anachungulia mahaba! Ami alicheka mpaka akakohoa. Bibi akajifunika uso kwa kanga.

"Mmenivua nguo mbele ya watu," alisema.

"Filamu tu hiyo, mama," ami akajibu. Mpaka amekufa sijamsamehe.

Bibi naye kafariki, nyumba imeuzwa. Mkate wa kumimina siku hizi tunanunua madukani Qurum, umefungwa kwenye plastiki, hauna hata harufu. Na wageni walioiona filamu wanakuja na simu zao kukumbatiana pale pale dirishani na kumcheka bibi. Naichukia filamu ile, wallahi naichukia. Lakini bibi hakukubali kupigwa picha maisha yake yote, na sura yake imeanza kunipotea. Basi kila Ijumaa nnaifungua filamu ile ile, nnaipeleka mbele mpaka pale dirishani, nnaisimamisha. Sina picha nyengine ya bibi.