Kidole Kilichongoja

Sisi watunza faili wa hospitali tulimwita fundi wetu wa kompyuta Kidole, kwa sababu kwa miaka mingi alisafiri kwa saa mbili kutoka kwa mama yake kuja kubonyeza kitufe kimoja. Seva yetu kongwe, kompyuta iliyotunza faili zote, ilikuwa ikizima bila kuaga. Siku moja akachoka. Alifungua kasha akaunganisha nyaya kwenye pini za ndani: mbili za kitufe, mbili za kitaa kinachoonyesha kama seva inawaka. Nyaya akazitoa nje hadi kwenye kisanduku alichokiunda mwenyewe, na tangu hapo simu yake, popote alipo, ikawa kidole cha kubonyeza na jicho la kuona.

Jumamosi ile tulikuwa tunahamishia faili za wagonjwa, za miaka kumi na miwili, kwenye seva mpya. Diski ya zamani ilishaanza kukwaruza. Kidole alituonya kwamba umeme ukikatika katikati, haitaamka tena, na faili zitakwenda nayo. Kisha akaenda zake kumsuka mama yake.

Saa nne asubuhi simu yake ikaandika: IMEZIMA. Akajaribu kuiuliza kwa mtandao, lakini seva, ikiwa imeelemewa na kazi, haikujibu kitu.

Mimi nilikuwa zamu, na bosi alikuwa pembeni yangu akimfokea Kidole kwenye simu, sauti zao zote nikizisikia.

"Iwashe basi, unangoja nini?"

"Bosi, kitufe ni kimoja. Kinachowasha ndicho kinachozima. Kama bado inawaka, nitaiua kwa mkono wangu. Mpe dada simu."

Nikapokea.

"Dada, nenda kwenye seva. Usiguse kitu. Weka kiganja nyuma ya kasha. Kuna upepo?"

Nilikwenda mbio, simu mkononi. Nikaweka kiganja.

"Upo. Wa moto."

"Basi feni inazunguka, seva inawaka," akasema. Nami nikakaa sakafuni kwa furaha. Hapo ndipo nilipouona waya wa kile kitaa ukining'inia, umechomoka kwenye kisanduku. Asubuhi nilikuwa nimepangusa vumbi hapo kwa bidii zangu zisizoombwa.

"Kidole," nikanong'ona, "ni mimi. Kitambaa changu."

Akasema: "Urudishe polepole."

Nikaurudisha. Simu yake ikaandika: INAWAKA.

"Bosi hana haja ya kujua," akasema. "Tunajua wawili tu, mimi na wewe. Mama hasikii vizuri."

"Nasikia," sauti ya mama yake ikaja kwa mbali. "Na acha kutetemeka, unanivuta nywele."