Aliyekuja Kufunga Biashara

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tatu, mwaka jana, nilikuwa Runzewe nikiwaandalia watu makadirio ya kodi. Naanza na siku na kazi kwa sababu najua utakachotaka kusema ukifika katikati: kwamba nilisinzia, au niliota. Sikusinzia. Ulikuwa mchana, nilikuwa na njaa, na kalamu ilikuwa mkononi.

Kampuni yetu iko Shinyanga mjini. Hatukusanyi kodi, tunamsaidia mfanyabiashara kupanga hesabu zake kabla hajazipeleka kwa wanaoikusanya. Tofauti hiyo wachimbaji wa dhahabu wa Runzewe hawaijali. Kila msimu ninapotumwa Runzewe na kupanga chumba kando ya stendi, huniita Mama Kodi. "Mama Kodi, leo umekuja na kitambaa chekundu, tutapona kweli?" Kisha mtu humwaga mezani mfuko wa rambo uliojaa risiti zilizolowa jasho, na kazi huanza. Niamini, kazi yenyewe si namba. Ni kuuliza. Unaishi wapi? Mali iko wapi? Nani anasimamia usipokuwepo? Mtu ambaye hata ndugu zake hawajawahi kumuuliza hayo hukujibu wewe, mgeni, kwa sababu tu fomu inataka.

Siku hiyo mvua kubwa ilishuka, wateja wakabanana barazani pamoja na Mama Neema, fundi cherehani wa chumba cha pili. Nilibaki ndani peke yangu. Nilipoinua macho, mwanamume alikuwa amesimama mbele ya meza, mwenye umri wa kutosha kuwa mdogo wangu wa mwisho. Alivaa shati la kijani ambalo mfuko wake ulikuwa umechanika, na mwili mzima ulikuwa umetapakaa vumbi jeupe, kama la mtu aliyeshinda kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Lilikuwa vumbi kavu. Je, sikushtuka, na nje maji yanafurika barabarani? Sikushtuka. Nilikuwa nawaza foleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Nataka kufunga biashara."

Akajitaja: Shija, baba Kulwa, mwenye karasha moja na sehemu katika duara, yaani shimo la wachimbaji, nje kidogo ya mji. Nikachukua karatasi, nikaanza kumuuliza ninayowauliza wote.

"Biashara ilisimama lini?"

"Siku magogo yanayoshika kuta za duara yalipoachia."

"Pole sana. Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Sasa unapatikana wapi?"

"Njia ya kushoto, mama, chini kabisa. Wenzangu walitafuta kulia."

Nilidhani ananieleza mahali pa kazi. Nikaandika.

"Karasha anaisimamia nani?"

"Kaka yangu. Anasema ananisubiri. Amewaambia watu nimekimbilia rashi, huko dhahabu mpya ilikotoka, tena na mwanamke." Akacheka kidogo. "Mimi! Mke wangu mmoja tu ananishinda."

"Mke yuko wapi?"

"Amerudi kwao, Didia."

"Sasa kwa nini usiende ukawaambia mwenyewe?"

"Nimekwenda, mama. Wananipita mlangoni. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Nilimshika kidole gumba, kama tunavyofanya kwa wasiosaini, nikakibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Hakikuacha alama. Hilo nalo ni la kawaida. Mawe hula vidole vya wachimbaji. Nikageuka kuchukua kitambaa nimfute, ajaribu tena. Nilipomrudia, kiti kilikuwa kitupu. Juu yake palikuwa na vumbi jeupe, laini kama unga.

Nilitoka barazani. "Amepita wapi huyu baba?"

Mama Neema akanitazama. "Baba yupi? Mlango si tumeuziba sisi? Tumekusikia unaongea peke yako, tukasema leo Mama Kodi anawabana watu kwenye simu." Wote wakacheka. Mimi nilirudi ndani kukitazama kile kiti.

Nikiwa njiani kurudi Shinyanga nilishuka Didia. Mama Kulwa, mke wa Shija, nilimkuta akikata viazi vitamu na kuvianika viwe michembe. Nilimweleza nilichokiona, bila kukipamba, kwa kuwa sikujua namna nyingine. Aliuliza jambo moja tu.

"Alivaa nini?"

Nilipoutaja mfuko uliochanika, aliweka kisu chini. "Nilimwambia avue nishone. Akasema, nitarudi jioni." Akaendelea kwa sauti ya chini. "Tangu masika yaliyopita, dada, nikilia wananiambia namchuria mtu aliye hai. Eti mwenzangu anakula raha huko, mimi namzika. Sijamlilia mume wangu mbele za watu hata mara moja. Nipeleke kwa hao wachimbaji."

Tulikwenda. Kaka yake Shija, mtu mrefu mwenye maneno mengi, alitusikiliza pale kwenye karasha. "Shemeji, umechoka kuniletea wazee wa ukoo, sasa umeniletea mhasibu wa mizimu?"

Lakini wachimbaji waliposikia "njia ya kushoto" walitazamana. Mmoja aliyeshuka na Shija asubuhi ya ajali alisema kweli walitafuta kulia tu, kwa sababu ndiko Shija alikopangiwa kazi, na walipomkosa wakaamini maneno ya kaka yake kwamba alishatoka akaondoka; na jambo hilo halikuwahi kutamkwa nje ya duara lao. Waliomba ruhusa kwa serikali ya kijiji, wakafukua. Walimkuta kushoto, chini kabisa.

Kaka mtu alivua kofia, akapiga magoti matopeni mbele ya shemeji yake. Mama Kulwa hakumtazama. Alikuwa analia, kwa sauti yake yote, na hakuna aliyemkataza.

Bado nafanya kazi ileile. Lakini nikifika kwenye swali la "unapatikana wapi", ulimi husita, na simpi tena mteja mgongo. Nawe unayekaa mezani ukiwauliza watu habari zao, nakuonya: yasikilize majibu. Huwezi kujua aliye mbele yako amepita kwenye milango mingapi bila kuonekana.

Wiki chache baada ya mazishi niliandika barua ya kufunga biashara, nikaambatisha cheti cha kifo. Bosi wangu, kijana makini, aliirudisha mezani kwangu.

"Dada, ombi limekuja baada ya kifo. Andika ni ombi la mjane."

"Mjane hakuomba."

"Watatucheka."

"Wacheke. Sijawahi kuandika uongo kwenye faili la mteja."

Aliivuta barua, akagonga muhuri. Barua ilikwenda hivi:

"Tunaomba biashara ya marehemu Shija ifungwe kuanzia siku aliyofariki. Ombi hili lililetwa na mwenye biashara mwenyewe, ana kwa ana, nami nililipokea. Mjane wake anaishi Didia. Akihitajika kuulizwa lolote, tafadhali aulizwe kwa upole."