Faili Lililokuja na Ufunguo Wake

Nakumbuka siku moja, mwanangu, asubuhi kweupe pale Igoma, nilipoona kompyuta ikimeza sauti ya marehemu.

Nilikuwa msichana, nikimsaidia kaka Masanja kwenye studio yake ya kurekodi kwaya. Ndani ya kompyuta yake ndimo ilimobaki sauti ya mwalimu mmoja wa kwaya, aliyefariki ghafla akiacha mke mjamzito. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, na asubuhi ile mama yake alikuwa njiani kutoka Mkolani kuja kuchukua nyimbo alizoziimba mumewe, ili mtoto akue akimsikia baba.

Ikaingia barua pepe, kwa jina la kwaya moja tuliyoifahamu. “Shikamoo kaka, nyimbo zetu hizi hapa, utusaidie kuzisafisha.” Chini yake faili la zipu, limefungwa, na neno la siri limeandikwa hapo hapo.

“Kaka, mbona wamefunga halafu wanatupa na ufunguo?”

“Wee dada nawe! Antivairasi imekagua, imenyamaza. Unajua kuliko mashine? Hebu nisomee hilo neno.”

Nikamsomea, huku nikicheka; akaliandika, akafungua kilichokuwa ndani.

Loo, mwanangu! Mafaili yakaanza kugeuka moja baada ya jingine, majina yakawa herufi zisizosomeka. Masanja alichomoa waya ukutani. Tulikuwa tumechelewa, na nakala nyingine ya nyimbo za marehemu haikuwepo popote.

Mlangoni tukasikia hodi. Mama wa watu, mtoto mgongoni, anatabasamu. “Masanja, nimekuja kumchukua mume wangu.”

Masanja akasimama mbele yake, waya ungali mkononi.

Ukimya ule wa mashine ndio uliotuponza. Antivairasi, yaani programu ya ulinzi, hukagua kilichomo ndani ya faili. Likifungwa kwa neno la siri, haioni ndani, na kirusi kinapita. Ni kama mkaguzi wa bandarini aliyepewa sanduku lenye kufuli akalipitisha. Ufunguo tulikuwa nao sisi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiletewa faili lililofungwa pamoja na neno lake la siri, usiridhike kwa kuwa mashine imenyamaza. Mpigie aliyelituma, kwa namba unayoijua wewe, umsikie mwenyewe. Na kitu usichoweza kukipata tena, kiwekee nakala kwenye diski uliyoichomoa, mbali na kompyuta.

Mungu akukinge, mwanangu. Usije ukasimama mbele ya mjane ukakosa la kumwambia.