Saa ya Glenda ya Kumuaga Baba

Nyumbani kwa kina Jovelyn simu haishiki. Kilima kimeiatamia nyumba kwa nyuma kama kuku na mayai yake, na mtu akitaka kupiga simu hana budi ateremke mpaka barabarani, kwenye kikanisa cha Mtakatifu Roko, akae juu ya benchi la saruji. Hapo sauti hupita. Picha haipiti. Ndiyo maana Glenda, dada yake Jovelyn, aliyekuwa Hong Kong akimtunza bibi kizee wa watu, alilipia intaneti ya waya ivutwe mpaka sebuleni, ili kila Jumapili, siku yake ya mapumziko, amwone baba yao.

Baba yao, mzee Eleuterio, alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga hadi vumbi la pumba lilipomharibu mapafu. Sasa alikuwa wa kitandani na kitini, na kazi ya kumwogesha, kumlisha na kumgeuza ilikuwa ya Jovelyn, mwenyewe akiwa na mtoto wa miezi saba ambaye bado ananyonya.

Ruta, kile kisanduku cha kusambaza intaneti, ilikaa juu ya kabati la vyombo, na tangu mwezi wa kwanza ilikuwa na tabia zake. Ikipenda itafanya kazi asubuhi. Ikichoka itawasha taa nyekundu na kunyamaza mpaka jioni. Mara nyingi Glenda aliganda kwenye kioo cha simu katikati ya neno. Mzee alimtazama akasema, "Huyu tangu azaliwe hajui kufunga mdomo." Kisha aliendelea kumpa habari za jogoo wake wa kupigana, na Jovelyn alipomwambia kwamba dada hasikii, alijibu taratibu, "Najua hasikii. Lakini si ananitazama?"

Jovelyn, ambaye shule aliiacha darasa la sita, alijifunza kulalamika kama mtu anavyojifunza kushona, kwa kujichoma. Aliteremka benchini na mtoto ubavuni, akapokelewa na sauti ya mashine, bonyeza moja, bonyeza tatu, kisha muziki, kisha kijana aliyemwambia aizime ruta, ahesabu mpaka thelathini, aiwashe tena. Aliomba angojwe. Hakungojwa. Alipanda nyumbani, akazima, akahesabu, akawasha, akateremka tena, akampata kijana mwingine aliyeanza upya na jina lako kamili nani. Baada ya hapo akawa anamaliza kila kitu kabla ya kupiga: amezima, amechomoa waya akaurudisha, amechokonoa kile kitundu cha nyuma kwa kibanio cha nywele. Walimpa namba ya malalamiko. Siku ya pili ujumbe uliingia kwamba tatizo lake limetatuliwa. Alipanda mbio kutazama, akaikuta taa nyekundu pale pale, inamkodolea jicho.

Namba nne za malalamiko aliziandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Maswali yao akayajua kama anavyoijua rozari. Taa ya kwanza kijani, ya pili kijani, ya tatu nyekundu, ruta iko mahali pa wazi, hakuna kitu juu yake.

Mwezi wa nne, joto likiwa limepamba moto, mzee akaanza kukataa uji. Jovelyn alimwomba Shangazi Pelagia, dada wa baba yake, aje kumshika mgonjwa, naye akaenda mjini Iloilo kwenye ofisi ya kampuni. Alikaa nusu siku ananyonyesha kwenye kiti cha plastiki. Kijana mwenye tai alimwambia kesi yake imefungwa. Jovelyn akauliza nani aliyeifunga.

"Mfumo," kijana akasema.

"Basi uambie huo mfumo uje kwetu umwone baba yangu."

Kijana hakucheka. Alitazama kushoto na kulia, akamwandikia kwenye karatasi jina la mkubwa wake, na chini yake anwani ya ofisi ya serikali inayosimamia mawasiliano. Alimnong'oneza kwamba kule wakipokea barua, huku watu huinuka. Jovelyn akaandika hapo hapo, kwa mwandiko wake mkubwa wa kitoto. Aliandika kwamba hataki kulipwa chochote. Baba anaumwa, dada yuko mbali, na wanachoomba ni kuonana.

Siku ya tano mafundi wawili walifika. Waliukuta waya umekunjika chini ya bati na sisimizi wameufanya makazi. Wakakata, wakaunga, wakaleta na ruta mpya, nyeusi, inayong'aa hata mtu angeweza kuchana nywele mbele yake. Shangazi Pelagia alijitazama humo akarekebisha kibanio chake. "Angalau safari hii," alisema, "wametuletea kitu cha maana."

Kwa siku kumi na moja haikukatika. Glenda alimwona baba yake akila, akilala, akimtania mjukuu. Jumanne ya siku ya kumi na mbili, saa za mchana, mzee akafa, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Jovelyn.

Msiba ukashikwa na Shangazi. Aliyajua yote: nani akae wapi, mishumaa mingapi, na kwamba mfiwa hamsindikizi mgeni mpaka mlangoni. Wakati Jovelyn yuko uani na masufuria ya kahawa, Shangazi alipita chumba kwa chumba na vitambaa vyeupe, akifunika kila kinachoweza kuonyesha sura ya mtu, kwa sababu katika nyumba yenye maiti anayejiona kiooni huita kifo kingine. Kioo cha bafuni, vioo vya kabati, televisheni.

Tajiri wa Glenda alikataa kumruhusu aende kwao. Bibi kizee hakubali kuogeshwa na mtu mwingine. Tajiri alimpa saa moja tu, Jumamosi, saa mbili mpaka saa tatu asubuhi, kabla jeneza halijafungwa. Glenda alimpigia Jovelyn benchini kumweleza. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Siku ile naondoka nilimwacha amelala," alisema. "Niliogopa kumwamsha, nikijua nikimwamsha siendi tena. Miaka minane sijamuaga baba yangu, Jovelyn. Hiyo saa moja naitaka."

Jovelyn alimwahidi.

Siku hiyo hiyo, Jumatano, intaneti ikaanza tena kukatika. Dakika kumi ipo, saa nzima haipo. Jovelyn akakasirika. Alikuwa hajalala siku mbili, maziwa yamepungua, mtoto analia njaa, na kampuni ile ile inamchezea. Alhamisi akateremka benchini akapiga. Safari hii alipokea dada mmoja mwenye sauti ya upole, akaanza kuuliza, na Jovelyn akamkatiza kwa kumsomea majibu yote mfululizo, taa zote, mahali pa wazi, hakuna kitu juu yake.

"Pole, mama," yule dada akasema. "Najua umeulizwa mara nyingi. Naomba uende ukaiguse tu ruta uone kama ina joto. Nitakungoja hapa hapa, sikati."

Katika miezi yote ile hakuna aliyewahi kusema atangoja. Jovelyn alitazama njia inayopanda kilima. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amepata usingizi begani. Huko juu sebule ilikuwa imejaa wanawake wa sala, na kufika kwenye kabati lazima upite katikati yao, mbele ya jeneza.

"Nimetoka huko sasa hivi," alisema. "Haina joto."

Yule dada akamwamini. Akamwandikia fundi, lakini fundi wa karibu alikuwa wa Jumatatu. Jovelyn alilia simuni, akaomba mkubwa, akapewa mkubwa, naye akasema watajitahidi iwe Jumamosi mapema. Hakuja mtu.

Jumamosi saa mbili intaneti ilikuwepo. Glenda alitokea akiwa ameketi kwenye ukingo wa beseni la bafu la tajiri wake, blauzi nyeusi, nywele zimechanwa vizuri kama mtu anayekwenda kanisani. Jovelyn alipenya kati ya watu, akaishikilia simu juu ya kidirisha cha kioo cha jeneza, usawa wa uso wa mzee. Sebule ilikuwa tanuri. Glenda alitazama, akafuta macho, akatazama tena.

"Baba," alisema. "Mimi Glenda. Nilitaka..."

Picha ikasimama, macho yake yameinama. Kisha ikapotea.

Walingoja. Shangazi aliongeza fungu la rozari, na lilipokwisha akaongeza lingine. Wabeba jeneza walitazama saa zao. Padri alikuwa kikanisani anawasubiri, na huko makaburini, nyuma ya kilima, simu ndiyo haifiki kabisa. Saa tatu ikapita. Walipolibeba jeneza, watoto wadogo wakapitishwa juu yake mmoja mmoja ili babu asiwarudie ndotoni, na wa Jovelyn naye akapita mikono kwa mikono, akicheka. Jovelyn alimpokea kwa mkono mmoja. Wa pili ulishika simu.

Walirudi mchana, wakanawa maji ya majani ya mpera, na Shangazi akaanza kuondoa vitambaa. Alipofika kwenye kabati la vyombo alinyoosha mkono juu, akavuta kitambaa kilichotariziwa, kile kizuri cha Pasaka, kimekunjwa mara nne. Chini yake ilikuwa ruta. Vidole vyake vikaruka.

"Mbona kinaunguza?"

Jovelyn aliigusa. Ilikuwa kama sufuria iliyotoka jikoni. Walisimama wote wawili wakiitazama, na baada ya muda, ilipopoa, taa zikaanza kuwaka moja moja, kijani tupu.

Shangazi aliona uso wa mwenzake, akaelewa. Akatafuta kiti. "Nilijiona ndani yake," alisema. "Nikasema na hiki nacho ni kioo. Mwanangu, nilikuwa nawakinga."

Jovelyn aliitafuta hasira aliyokuwa nayo tangu Jumatano, asiione. "Waliniambia nikaiguse, Shangazi," alisema. "Sikwenda."

Kesho yake Jumapili Glenda akapiga. Alikuwa ameikusanyia kampuni matusi ya wiki nzima, akayamwaga yote, na Jovelyn angeweza kuyaacha yapite. Jikoni Shangazi alikuwa ameacha kukoroga mchuzi. Jovelyn akasema yote, la kitambaa na la benchini, bila kupunguza kosa lake.

Jovelyn akadhani picha imeganda. Lakini Glenda alipepesa macho.

"Vioo vyote mlifunika?"

"Vyote, dada."

"Nami ningekuwepo ningekifunika hicho kidude," Glenda akasema. Kisha aliomba aonyeshwe mahali jeneza lilipokaa.

Jovelyn akageuza simu. Palikuwa na sakafu tupu, alama nne za miguu ya meza, na nta iliyodondoka. Alitaka kusogea, Glenda akamwambia abaki hapo hapo. Alitazama sakafu ile muda mrefu, midomo ikicheza bila sauti. Jovelyn hakumuuliza anasema nini. Mikono ilimuuma, akaiegemeza kiunoni, akaendelea kushika. Picha ilikuwa safi, kila tone la nta linahesabika, na haikukatika hata mara moja.