Kiwango cha Shimo la Korongoni

Mume wangu alikuwa dereva wa watalii. Gofu ya visahani alifundishwa na mgeni mmoja aliyekaa Karatu miezi kadhaa, na mgeni huyo alipoondoka alimwachia mfuko mzima wa visahani vya plastiki. Fundi wa kuchomelea magrili ya madirisha akatutengenezea vikapu vya minyororo, tukavisimika kwenye malisho ya baba mkwe wangu, njia ya kwenda Oldeani. Tuliviita mashimo, ingawa hakuna kilichochimbwa. Unatupa kisahani, unakifuata kilipoangukia, unatupa tena mpaka kiingie kikapuni. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi.

Watu walipoongezeka tulianzisha ligi ya Jumamosi, na ligi ikadai viwango, yaani kila shimo lijulikane mchezaji mzuri, asipokosea, alimalize kwa mitupo mingapi. Kazi hiyo aliifanya yeye. Hakuwa na mkono wenye nguvu kuliko wote. Mfanyabiashara mmoja wa vitunguu, rafiki yake aliyekuwa akipanda kutoka Mang'ola, alimpita mbali. Walimu wenzangu, nao, walitupa kama wanaofukuza kuku. Mume wangu alikuwa katikati, na alichotupa leo ndicho angetupa kesho. Kwa hiyo yeye alitupa, mimi nikasimama penye kikapu, na watu wakakubali.

Shimo la korongoni ndilo lililotugombanisha. Unasimama upande huu wa korongo, kikapu kiko ng'ambo chini ya miti ya migrevilea, na mchana upepo hushuka kutoka mlimani. Rafiki yake alisema tatu. Mimi nilitaka nne.

"Unaogopa korongo, mwalimu," mume wangu aliniambia akicheka. Nyumbani aliniita mama, uwanjani mwalimu.

"Siogopi. Nawafikiria wanaojifunza."

Alitutupisha wote asubuhi, akaturudisha mchana upepo ulipoanza. Mwisho akasema tatu. "Ni gumu, lakini halimwonei mtu."

Mwaka uliofuata alianza kuchoka. Alirudi safari za kupeleka watalii Kreta akilala na viatu. Tulidhani ni vumbi na barabara, mpaka vipimo vikaonyesha saratani ya damu. Akaacha kazi. Ligi hakuiacha, ila kisahani chake kilianza kuangukia karibu, kila wiki karibu zaidi.

Jumamosi moja tulikuta viwango vimepandishwa. Karibu kila shimo liliongezewa mtupo mmoja, na la korongoni likawa nne. Hakuna aliyetuambia. Mume wangu alisimama mbele ya ubao tulioandikia viwango, akasoma, kisha akamgeukia rafiki yake.

"Nani amepima?"

"Tulikaa tukaona yalikuwa magumu mno, kaka."

"Magumu kwa nani?"

Yule bwana alitazama chini. Ni mtu wa sauti kubwa, anayepanga bei ya vitunguu kwa kelele, lakini siku ile alinong'ona. "Tulitaka usiwe nje ya kiwango kila shimo."

"Nje ya kiwango ndiko nilipo. Mkinificha hapo, nyinyi mtajuaje mlipo?"

Hakupandisha sauti. Alivua kofia, akafuta uso, akaomba viwango virudishwe. Vikarudishwa palepale. Mimi ningeviacha. Moyoni nilikuwa nimewashukuru waliovipandisha.

Mzunguko wake wa mwisho ulikuwa kabla ya mvua za masika. Pale korongoni kisahani kilipaa kidogo, kikazama kwenye vichaka.

"Rudia, kaka," rafiki yake akasema. "Upepo huo."

"Hakuna upepo."

Alishuka mwenyewe, akishika mizizi. Nilipotaka kumfuata alinyoosha kiganja bila kugeuka. Tulisimama ukingoni, tukimsikia akipumua kule chini, akitupa, kisahani kikigonga udongo na kumrudia. Alipotokea ng'ambo magoti yake yalikuwa mekundu kwa udongo. Minyororo ilipolia hatimaye, hakuna aliyepiga makofi, tulijua asingependa. Alitaja idadi ya mitupo yake kwa sauti, yote, akaketi chini.

Alifariki mvua zikiwa zimeshika. Tulimzika kwao, nyuma ya mahindi, na mchungaji alifupisha ibada kwa sababu turubai lilikuwa linavuja.

Mvua hizohizo zilikata ukingo wa korongo, sehemu ya kutupia ikabomoka. Uwanja ulipokauka tuliisogeza nyuma, na wenzangu wakaniomba niweke kiwango kipya. Nilishika kisahani nikatambua sina mkono wa kupimia. Wangu ni mfupi, wa rafiki yake ni mrefu mno, na ule tuliokuwa tukiutegemea haupo. Tukatupa wote, mmoja baada ya mwingine, tukabishana, tukatupa tena. Wengi walifika kwa nne. Tukakubaliana nne.

"Ni haki, shemeji?" rafiki yake akaniuliza.

"Sijui," nikamjibu. "Kweli sijui."

Kisha akaandika nne kwenye ubao, wakaenda shimo linalofuata. Mimi nilikaa kwenye nyasi, nikawasikia wakiitana huko juu mpaka wakamaliza mzunguko.